Darubini kwa Wote, Wavu kwa Wachache: Kutazama Ndege, Kuwahesabu na Kuwavisha Pete

Mengi tunayoyajua kuhusu ndege wahamao yaliletwa na watu ambao hakuna aliyewalipa kuyatafuta. Hans Christian Mortensen, aliyeanza mwaka 1899 kuwavisha kwezi wa Ulaya pete za alumini zenye namba na anwani mjini Viborg, Denmark, alikuwa mwalimu wa shule. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911 alikutwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na kwa pete hiyo moja ikajulikana mbayuwayu wa Uingereza huenda wapi majira ya baridi. Hadi leo pete nyingi za Uingereza huvishwa na watu wa kujitolea wenye vibali, wanaoamka alfajiri kwa hiari yao.

Nafasi ya mpenzi wa ndege katika utafiti, basi, haina ubishi. Ubishi upo kwenye mpaka: burudani yako inaishia wapi, na kumbukumbu inayoweza kutumika inaanzia wapi? Kwa anayetazama kwa darubini, kuuvuka mpaka huo ni rahisi, kinachotakiwa ni nidhamu kidogo ya kuandika. Kwa anayekamata ndege, mambo ni mengine kabisa, kwa sababu kosa lake hulipwa na ndege.

Orodha inayoweza kutumika

Udhaifu mkubwa wa watazamaji ni kupenda adimu. Mtu anatembea saa tatu, anarudi na majina manne ya ndege wasioonekana kila siku. Shore, njiwa na kunguru hakuwaandika, maana "hao wapo tu". Mtafiti akiisoma orodha hiyo hawezi kujua kama shore hakuwepo au hakuandikwa. Kunguru wa India, Corvus splendens, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kufikia mwaka 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Tarehe ya namna hiyo hujulikana kwa sababu kuna mtu aliyejali kumwandika ndege ambaye wengine hawamtazami mara mbili.

Mfumo wa Ramani ya Ndege wa Kenya, ulioanza mwaka 2013 kwa mtindo wa atlasi ya ndege ya Afrika Kusini, umeliondoa tatizo hilo kwa kanuni chache. Nchi imegawanywa kwa miraba ya dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo, sawa na kilomita 9 hivi kila upande. Unachagua mraba mmoja, unatumia angalau saa 2 kutafuta ndege kwa dhati, na unajitahidi kupita kila aina ya makazi iliyomo: shamba, kichaka, bwawa, mji. Kila spishi unaiandika mara moja, kwa mpangilio ulivyoziona, na kila saa inapokwisha unaweka alama. Orodha hiyo unaweza kuiongezea hadi siku 5, kisha inafungwa.

Kwa nini mpangilio na alama za saa? Kwa sababu ndivyo juhudi inavyopimwa. Spishi inayotokea ndani ya nusu saa ya kwanza karibu kila orodha ni ya kawaida hapo. Ikianza kuchelewa hadi saa ya tatu mwaka baada ya mwaka, huenda inapungua, hata kama bado "ipo". Programu ya simu ya BirdLasser hurekodi muda na mahali yenyewe, lakini daftari na penseli vinatosha.

Makosa yanayoharibu orodha ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kuvuka mpaka wa mraba bila kujua, hasa ukiwa ndani ya gari. La pili ni kubahatisha jina ili orodha irefuke. Ndege usiyemtambua mwache, orodha fupi ya kweli ina faida kuliko ndefu ya kudhania. La tatu ni kuandika "wengi" mahali pa namba. Katika hesabu ya ndege wa majini inayofanyika kila Januari, mtu mpya hufundishwa kuhesabu ndege 10 mmoja mmoja, kuliweka jichoni umbo la hao kumi, kisha kuhesabu kundi kwa makumi. Heroe wakiwa maelfu ziwani, kipimo kinakuwa mia. Watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake bila kuambiana, ndipo walinganishe. Wakipishana sana, wanarudia.

Kuna na suala la kupiga sauti za ndege kwa simu. Dume anayesikia wimbo wa mpinzani huacha kula na kuja kutetea eneo lake, na akichezewa hivyo na kila kundi la wageni linalopita, nguvu ya kulisha makinda hupungua. Watafiti wa bundi mdogo wa Arabuko-Sokoke, Otus ireneae, hutumia sauti kwa sababu kumwona usiku bila hivyo ni kazi bure, ila wao hupiga kwa muda uliopangwa, kwenye vituo vilivyopangwa, na huandika kwamba walipiga. Mtazamaji anayetaka picha tu hana sababu ya kufanya hivyo karibu na kiota.

Pete si kumbukumbu ya ziara

Pete humfanya ndege mmoja atofautike na wenzake. Faida yake ndiyo hiyo: bila utambulisho wa ndege mmoja mmoja huwezi kujua anaishi miaka mingapi wala kama anarudi palepale au harudi tena. Katika misitu ya Usambara, Tanzania, mtafiti William Newmark na wenzake wamekuwa wakitega nyavu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye vipande vya msitu vya ukubwa tofauti. Kilichowapa majibu ni ndege walewale kunaswa tena mwaka baada ya mwaka: kwa spishi kadhaa za chini ya miti, uwezekano wa kufika mwaka unaofuata ulikuwa mdogo katika vipande vidogo. Kwa hiyo anayevisha pete ndege wengi mahali pengi, mara moja moja na bila kurudi, anapata asubuhi nzuri na takwimu hafifu. Bora kituo kimoja kwa miaka kumi.

Uingereza walilitatua hili mwaka 1983 kwa vituo vya juhudi isiyobadilika: nyavu zilezile, urefu uleule, mahali palepale, ziara 12 kati ya Mei na Agosti, kila mwaka. Mvisha pete anapata starehe yake, na utafiti unapata kipimo cha ndege wazima na makinda kinachoweza kulinganishwa. Huo ndio mfano wa kuiga kwa kundi lolote la wapenzi linalotaka kazi yake ihesabike.

Kabla ya wavu kufunguliwa, kibali. Nchini Kenya kazi ya pete huratibiwa kupitia Makumbusho ya Taifa, na kukamata wanyamapori kunahitaji idhini ya KWS, shirika la wanyamapori, pamoja na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tanzania njia hupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kibali cha karatasi hakitoshi bila mikono iliyofundishwa. Mwanafunzi huanza kwa kuandika tu, kisha hushika ndege waliokwisha kutolewa wavuni, na kutoa wavuni hujifunza mwisho, akisimamiwa kwa mamia ya ndege. Anayetaka kuanza na kutoa wavuni ndiye wa kumwangalia sana.

Wavu wenyewe una urefu wa mita 6 hadi 18 na kimo cha kama mita 2.5, na kwa ndege wadogo tundu lake lina milimita 16 kutoka fundo hadi fundo. Kamba za mlalo huulegeza uwe na mifuko minne au mitano. Ndege hugonga, hudondoka mfukoni na kulala humo. Ukiukaza sana, huruka nyuma na kuondoka. Ukiulegeza sana, hujizungusha. Mfuko wa chini uwe juu ya nyasi kiasi kwamba ndege mzito akiingia asiguse ardhi, umande wala maji.

Nyavu hukaguliwa kila baada ya dakika 20 hadi 30, na mara nyingi zaidi jua likipanda. Mvua au upepo ukianza, zinafungwa. Katika misitu yetu kuna adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji: siafu. Msafara wao ukifika chini ya wavu, ndege aliye mfuko wa chini hana dakika nyingi, kwa hiyo ukaguzi hujumuisha kutazama ardhi, si wavu peke yake. Nyoka, nguchiro na vipanga nao hujifunza upesi kwamba hapo kuna chakula cha bure. Idadi ya nyavu ifuate idadi ya mikono: ndege wakizidi uwezo wa kuwahudumia, funga nyavu kwanza, vipimo baadaye.

Kumtoa ndege, tafuta upande alioingilia, maana atatoka hukohuko. Kwera hung'ang'ania nyuzi kwa vidole na hudona, basi ifungue miguu polepole wala usiivute. Chozi ulimi wake mrefu unaweza kunaswa na uzi, na kwa kuwa hutumia nguvu haraka hupewa zamu ya kwanza kwenye meza ya vipimo na pete. Njiwa hupukutisha manyoya akishikwa ovyo, ashikwe mwili mzima. Shingo ya ndege mdogo hupita kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ukiegemea kiganja, vidole vingine vikizunguka mwili bila kubana kifua. Ndege hupumua kwa kupanua kifua, na kubana hapo humwua bila dalili ya jeraha. Akihema mdomo wazi au kufumba macho, vipimo vimekwisha, aachiwe.

Pete hufungwa kwa koleo maalumu lenye matundu yanayolingana na ukubwa wa pete, hadi ncha zigusane bila mwanya na bila kupandana. Mwanya hunasa uzi au nyasi. Ikifungwa vizuri, huzunguka na kuteleza juu na chini ya mguu. Anayefunga husoma namba kwa sauti, mwandishi huirudia kwa sauti, kwani tarakimu mbili zikipishana ndege huyo amepotea daima. Kisha umri, bawa, na uzito hadi gramu 0.1. Mafuta husomwa kwa kupuliza manyoya ya chini ya koo: katika bonde la mifupa hapo, ngozi nyembamba huonyesha njano ya mafuta dhidi ya wekundu wa msuli, na ndege aliye tayari kwa safari ndefu bonde lake hujaa hadi kuvimba. Picha, kama ipo, ni ya sekunde chache mwishoni. Foleni ya watu wa kupiga picha na ndege haina nafasi kwenye meza ya pete.

Si kila mguu unafaa pete. Tai mzoga wa Amerika na korongo hujinyea miguuni ili kupoza mwili, na kinyesi hukaukia chini ya pete hadi kuumiza. Ndiyo maana tai mzoga hao huwekewa vibandiko vya bawa, na korongo huvishwa pete juu ya kifundo. Ndege wa pwani hupewa chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa chumvi na mchanga husaga alumini.

Ngulia

Penye mwanga mwingi juu ya mvutano huu wa burudani na sayansi ni Ngulia, Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969, Novemba na Desemba, ndege kutoka Ulaya na Asia wanaopita usiku hukutana na ukungu mlimani. Usiku usio na mwezi, taa za hoteli iliyopo huwavuta na kuwashusha kwa maelfu. Kunapokucha wamo vichakani, na nyavu ziko tayari. Graeme Backhurst na David Pearson waliijenga kazi hiyo pamoja na wavishaji wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wengi wakijilipia nauli, na ndege wadogo kama Acrocephalus palustris wamevishwa pete hapo kwa idadi isiyo na mfano barani.

Lakini namba hizo zina mtego. Idadi ya mwaka hutegemea usiku wa ukungu ulitokea mara ngapi na mwezi ulikuwa wapi. Mwaka wa ndege wachache unaweza kuwa mwaka wa anga safi tu, na mtu anayejivunia rekodi ya asubuhi moja anajivunia hali ya hewa. Kinachostahimili mtego huo ni uwiano: kati ya ndege wa spishi moja, wangapi walizaliwa mwaka huo na wangapi ni wakubwa. Hilo hueleza jinsi uzazi ulivyokwenda huko kaskazini, na ndiyo sababu kutambua umri kwa usahihi, kazi ya kuchosha ya kuchungulia uchakavu wa manyoya, kuna thamani kuliko kuongeza ndege mia.

Ukikuta ndege mwenye pete

Aliye hai asivuliwe. Kama umemshika, soma herufi na namba zote pamoja na anwani, piga picha ya pete pande zote, andika tarehe, mahali na hali yake, mwachie. Pete za rangi zinazosomeka kwa darubini, kama wanazovishwa ndege wa ufukweni Mida Creek, pwani ya Kenya, andika mguu gani, rangi gani, na ipi iko juu. "Kushoto" ni kushoto kwa ndege, siyo kwako.

Aliyekufa usimshike kwa mikono mitupu, mafua ya ndege si hadithi. Tumia glavu au mfuko wa plastiki, na wakiwa wengi mahali pamoja mwite ofisa mifugo kabla ya kugusa chochote. Taarifa ya pete ipeleke kwenye anwani iliyochorwa juu yake, au makumbusho ya nchi yako yakusaidie kuifikisha. Pete iliyosagika usiisugue kwa msasa ili isomeke. Ifunge kwenye karatasi na kuipeleka ilivyo, kwa sababu namba isiyoonekana kwa jicho mara nyingi inaweza kufufuliwa maabara kwa kemikali, ila si baada ya msasa.