Usaili wa chuo hauna majibu ya kukariri

Jumamosi iliyopita mama mmoja alinifuata mpaka mlangoni, bahasha ya kaki mkononi. Binti yake alimaliza kidato cha sita Mei ya mwaka jana, akaenda JKT, aliporudi akaomba vyuo vitano vya Marekani. Sasa barua pepe ya kumwita kwenye usaili imeingia. "Mwalimu, naomba yale maswali na majibu yake. Nimekuja na hela ya kutolea kopi. Mwanangu anashika haraka, atakesha nayo."

Ni mzazi wa nne kuniomba hivyo tangu Desemba. Karatasi hizo sina, na sitazitengeneza.

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote: kwamba kujiandaa na usaili ni kukariri. Naelewa inakotoka. Watoto wetu wamepita NECTA kwa pasti pepa. Swali linajirudia, mwongozo wa kusahihisha unajulikana, aliyekariri vizuri anapata A. Wamefanya hivyo tangu darasa la saba na imewafikisha hapo walipo. Nani atawaamini wakiambiwa njia hiyo imefika mwisho?

Lakini fikiria anayekaa upande wa pili wa meza. Kwa vyuo kama Harvard, Princeton au MIT, mara nyingi msaili ni mtu aliyesoma chuo hicho miaka ya nyuma, ana kazi yake nyingine kabisa, na anajitolea bila malipo. Mnaongea nusu saa, pengine saa nzima, kwenye mgahawa au kwa video. Akimaliza anakaa kuandika ripoti. Chuo tayari kina alama zako na insha zako. Kinachotaka kwake ni kujua wewe ni mtu wa namna gani mkikaa mkaongea. Ukimsomea jibu la kukariri, ataandika nini? Jibu hilohilo amelisikia kwa mwingine wiki iliyopita, maana mlinunua karatasi kwa mtu mmoja.

Nitoe mfano wa kijana mmoja wa upande wa Sengerema. Nilipomfanyia usaili wa majaribio, swali la kwanza tu akaanza: "Mimi ni kiongozi mwenye shauku ya kuleta mabadiliko katika jamii yangu." Nikamuuliza, mabadiliko gani? Macho yakapanda darini. Midomo ikacheza bila sauti, anatafuta mstari unaofuata. Alipoukosa akarudi mwanzo: "Mimi ni kiongozi mwenye shauku…"

Nikaweka kalamu chini, nikamuuliza kwa Kiswahili: ukiwa nyumbani, saa kumi jioni unafanya nini?

Akasema anachaji simu za watu. Baba yake ana paneli ya sola na betri kuukuu, na majirani wanaleta simu kwa malipo kidogo. Kwa nini betri kuukuu ni tatizo? Kwa sababu ikifika jioni imeisha na simu nusu hazijajaa. Ukafanyaje? Akaanza kuandika kwenye daftari simu ipi imekula muda gani. Akaona simu janja zinanyonya sana, akazihamishia saa sita mchana jua likiwa la utosi, vitochi akavipangia asubuhi. Na siku simu mbili zilipobadilishana na mama mmoja akaja juu, akabuni namba za kufunga na kipande cha kitambaa, kimoja kwenye simu, kingine kwa mwenyewe. Aliongea dakika 20 bila kupumua. Hakutaja uongozi hata mara moja, na hayo yote hayakuwepo popote kwenye karatasi yake. Aliyaona ni mambo ya nyumbani tu.

Wanaouza "maswali 50 na majibu yake" wanawafuta watoto wa namna hii, na wanachukua hela ya mzazi kwa kazi hiyo. Nikiwaza hilo nakosa usingizi.

Nao watoto wana mzigo mwingine, wa adabu. Tumewafundisha kwamba mtoto mwema hajisifu, na tumefanya vyema. Matokeo yake kila kitu ni "tulifanya", "tulisaidiana", hata pale alipokuwa peke yake. Simwambii mtoto aache adabu yake ajigambe. Namwambia aache sifa, asimulie kazi. Yule wa Sengerema hakusema kwamba ana akili. Alisema vitochi asubuhi, simu janja mchana.

Zoezi langu, na silibadilishi kwa mtu yeyote, ni hili. Chukua daftari, andika mambo saba uliyoyafanya kwa mikono yako au kwa kichwa chako, bila neno moja la kujisifu. Msimulie mtu wa nyumbani kwa Kiswahili kwanza, ili ujue unachosema. Kisha simulia kwa Kiingereza, kila siku kwa mtu tofauti, na usirudie maneno yaleyale. Anayekusikiliza akuulize "kwa nini" mara tatu mfululizo. Ukikwama kwenye "kwa nini" ya pili, jambo hilo bado hujalielewa mwenyewe. Rudi ulifikirie.

Dhana nyingine nazipitia haraka. Kila aya inaanza na dhana yenyewe, kisha jibu langu.

Msaili ameshasoma faili lako. Kwa vyuo vingi vya Marekani hajalisoma. Ana jina lako, shule yako na namna ya kukupata. Ukisema "kama nilivyoeleza kwenye insha yangu", hajui unazungumzia nini. Mweleze upya.

Usipoitwa umeshakatwa. Hapana. Wasaili ni watu wa kujitolea, na sehemu nyingine hawatoshi. Harvard na MIT wanasema wazi kwamba kukosa usaili hakumharibii mwombaji. Na ukiitwa ukafanya vizuri, bado hiyo ni ripoti moja ndani ya faili nene. Wazazi, msimlilie mtoto ambaye hakuitwa.

Usaili ni usaili, Oxford kule Uingereza na vyuo vya Marekani ni kitu kimoja. Hii imewaangusha wanafunzi wazuri. Oxford anayekusaili ni mwalimu wa somo lenyewe, Desemba, na anataka kukuona ukifikiri. Atakupa grafu, shairi au swali kama lile la baiolojia walilowahi kulitoa wenyewe kama mfano: kwa nini wanyama wengi wana milia? Mtoto wa huku aliyewaona punda milia anaweza kuanza na nzi wang'atao, na kujificha, na kutambuana, huku akieleza kwa sauti angepimaje lipi lina nguvu. Akikosea akaelekezwa akageuka, hapo ndipo mwalimu anafurahi. Hadithi ya uongozi haina nafasi hapo.

Sema utarudi nyumbani. Hapo umechanganya na ubalozi. Ofisa wa viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, ndiye anayetaka kujua kama una nia ya kurudi ukimaliza masomo, na utamwona baada ya kupata chuo na kushika fomu ya I-20, ile ambayo chuo kinakupa ya kuombea viza. Msaili wa chuo hana habari na viza. Ukitaka kurudi mwambie, ni jambo jema. Usilitoe kama nenosiri.

Mlilie shida upate ufadhili. Msaili hashiki mfuko. Mambo ya fedha yana fomu zake na ofisi yake, na Harvard, Yale, Princeton na MIT hawaangalii uwezo wa kulipa wanapochagua, hata kwa wanafunzi wa nje. Kama maisha yako yamekuwa magumu na ndiyo yaliyokufundisha kazi, yaseme kama sehemu ya kazi. Na ukisikia mtu anayejiita msaili wa chuo anakudai ada, huyo ni tapeli. Msaili wa chuo halipwi na mwombaji.

Lazima uongee kwa pua. Ongea Kiingereza chako polepole, umalizie maneno. Lafudhi ya Mwanza inaeleweka Boston. Ya kuigiza haieleweki popote.

Kuuliza swali ni utovu wa adabu. Mwishoni atakuuliza kama una swali, na ukinyamaza ataona huna hamu na chuo. Muulize aliishije pale mwaka wa kwanza. Kesho yake mwandikie barua pepe fupi ya shukrani, mistari mitatu inatosha.

La saa, ingawa si dhana, limenipotezea wanafunzi wawili. Barua ikisema 8:00 asubuhi ya Boston mwezi Januari, kwetu ni saa kumi jioni, tofauti ni masaa nane. Machi wakisogeza saa zao, inakuwa saba. Mwanafunzi mmoja aliona "8", akajiandaa saa nane mchana, akasubiri mbele ya skrini tupu, akazima akaenda sokoni. Andika muda kwa Kiswahili, ubandike ukutani. Nunua bando jana yake, angalia LUKU, simu iwe imejaa. Kaa ukiangalia dirisha ili mwanga ukupige usoni.

Yule mama nilimrudishia bahasha yake. Nilimwomba Jumamosi ijayo aje na binti, daftari jipya, na yule mdogo wake wa darasa la tatu. Akashangaa, wa darasa la tatu wa nini? Nikamuuliza: huyo mdogo, huwa anauliza "kwa nini" mara ngapi kwa siku?

Akacheka. "Huyo? Mwalimu, huyo hanyamazi."

Basi huyohuyo, nikamwambia. Mlete.