Alaimenti sahihi ya magurudumu ni ipi?

Alaimenti ya magurudumu ni upangaji wa pembe ambazo magurudumu ya gari hukaa, kila gurudumu likilinganishwa na barabara, na mwenzake wa upande wa pili, na pia na mstari wa katikati wa gari lenyewe. Wengi hudhani kwamba alaimenti nzuri ni ile inayoyafanya magurudumu yote manne yasimame wima kabisa na kutazama mbele bila kupinda hata kidogo. Sivyo ilivyo. Gari huundwa likiwa na upinde mdogo uliokusudiwa, na kiwanda huandika kiasi cha upinde huo kwa kila modeli pamoja na kiwango kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua. Kwa hiyo alaimenti sahihi ni ile inayoangukia ndani ya vipimo vya gari husika, na ambayo imepimwa wakati miguu ya gari hilo, yaani shokapu na viungo vinavyoshika magurudumu, ikiwa mizima. Sharti hili la pili ndilo linalopuuzwa zaidi gereji, na ndilo linalowafanya watu walipie kazi ileile mara mbili.

Pembe tatu ndizo zinazotajwa kila siku: tou, kemba na kasta. Tou ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayomaliza matairi kwa haraka kuliko nyingine zote, na ndiyo pekee inayorekebishika kwa urahisi katika magari mengi madogo.

Ukilitazama gari kutoka juu, tou ni tofauti ya uelekeo kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, yaani ya mbele au ya nyuma. Yakiwa yamekaribiana zaidi kwa mbele kuliko kwa nyuma, mafundi husema ni tou-ini, na yakiwa yameachana kwa mbele, ni tou-auti. Gurudumu lisilotazama kule gari linakokwenda hulazimika kuviringika na kuburuzwa ubavu kwa wakati mmoja. Hesabu yake ni rahisi kuifanya: gurudumu lililokengeuka kwa digrii 1 huburuzwa ubavu kiasi cha mita 17.5 katika kila kilomita 1. Kosa la nusu digrii, ambalo ni vigumu kuliona kwa macho, hufikia takriban kilomita 87 za kusuguliwa ubavu gari linapotembea kilomita 10,000. Hakuna mpira unaostahimili hilo, uwe wa bei ghali au wa bei nafuu.

Dalili yake unaweza kuihisi kwa mkono. Gari likiwa limezimwa na kuegeshwa, pitisha kiganja taratibu juu ya uso wa tairi kutoka ukingo wa nje kwenda wa ndani, kisha urudi, ukichunga nyuzi za chuma zisikukate iwapo tairi limechakaa sana. Kama kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza, au kinyume chake, basi kashata za tairi, yaani vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, zimechongwa upande mmoja, na chanzo chake mara nyingi ni tou. Tairi lililolika kingo zote mbili kwa usawa lina hadithi nyingine, kwa kuwa hilo kwa kawaida limeendeshwa likiwa na upepo mdogo, na lililolika katikati limejazwa kupita kiasi. Kumpelekea fundi wa alaimenti tairi la namna hiyo ni kumtafutia kazi isiyo yake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tou isiwekwe sifuri tu, ikiwa kukengeuka kuna madhara makubwa kiasi hicho. Jibu ni kwamba gari lililosimama si sawa na gari linalotembea. Barabarani, nguvu za msuguano, za injini na za breki hushindana na bushi za mpira zilizo kwenye viungo vya miguu ya gari, ambazo hubonyea kidogo na kuyaacha magurudumu yasogee. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, yale ya mbele huelekea kuachana, ilhali katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele huelekea kukaribiana pale injini inapovuta. Kiwanda hukisia mwendo huo na kuweka kipimo cha kusimama ambacho, gari likiwa safarini, kitayaacha magurudumu karibu sana na mstari mnyoofu.

Kemba huonekana ukilitazama gari kutoka mbele: ni kiasi ambacho gurudumu limelala ndani au nje kwa upande wa juu. Magari mengi ya abiria hupangwa kati ya sifuri na digrii 1 hasi hivi, yaani juu limelala ndani kidogo. Ikizidi hapo, ukingo wa ndani wa tairi huliwa, na huo ndio ukingo asioutazama mwenye gari. Kata usukani hadi mwisho, kisha chungulia bega la ndani la tairi la mbele, kwa maana si nadra kukuta nje pana kashata nzuri na ndani pamebaki kipara.

Kasta ni mwinamo wa mhimili wa kukatia kona, unaoonekana kutoka ubavuni. Ni sawa na ule mwinamo wa uma wa mbele wa baiskeli, unaomwezesha mpanda baiskeli kuachia mikono na bado akaenda moja kwa moja. Kasta hailili tairi kwa kiasi cha kutisha, lakini ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona na kulituliza gari kwenye mwendo mkubwa. Zikitofautiana kulia na kushoto, gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Kwa kemba, huvuta kuelekea upande ambao gurudumu limelala nje zaidi.

Nyuma pia pana lake. Ekseli ya nyuma ikiwa imepinda kuhusiana na mstari wa katikati, gari husukumwa kimshazari, na dereva hulazimika kushika usukani ukiwa upande ili aende moja kwa moja. Ndiyo maana upimaji wa magurudumu yote manne una thamani hata kwa gari ambalo nyuma hakurekebishiki, kwani bila kujua nyuma inasukuma wapi, mbele hupangwa kwa kubahatisha.

Hapa ndipo uelewa wa muundo wa gari lako unapohitajika. Toyota Vitz, IST na Passo, ambazo zimejaa Dar es Salaam na Nairobi, hutumia shokapu zilizounganishwa na springi kwa mbele, na nyuma zina boriti moja katika modeli za kuvutwa mbele. Kwa magari hayo, kitu kinachorekebishwa kama kilivyotoka kiwandani ni tou ya mbele, kwa kuzungusha tairodi, yaani fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu. Kasta haina mahali pa kurekebishia. Kemba huweza kusogezwa kidogo kwa boliti maalumu zenye shina jembamba, na boriti ya nyuma imekazwa jinsi ilivyo. Mashine ya kupimia alaimenti ikionyesha kemba imetoka nje ya kiwango kwa upande mmoja, maana yake ni kwamba kuna kitu kimepinda au kimechoka: shokapu, mkono wa chini unaoshika gurudumu, au fremu ndogo ya injini iliyosogea baada ya kugonga shimo. Fundi anayeachia namba hiyo iliyo nje ya kiwango kwa kusema kwamba ndivyo gari hizi zilivyo hajamaliza kazi. Hilux na Prado zenye mikono miwili kwa mbele ni tofauti, kwa kuwa mkono wa chini una boliti za kemu, ambazo zikizungushwa husogeza mkono huo, zinazowezesha kupanga kemba na kasta.

Suala la kunyanyua gari nalo linahusika moja kwa moja. Ukiongeza spesa juu ya shokapu ili gari lisigonge chini kwenye barabara mbovu, unabadilisha mkao wa mikono na tairodi, na hivyo kemba na tou hubadilika hata kama hukugusa nati yoyote ya usukani. Gari lililonyanyuliwa lisiondoke gereji bila kupimwa upya.

Kabla ya mashine kuwashwa, fundi makini huanza na upepo wa matairi, huhakikisha matairi ya ekseli moja yana saizi moja, kisha hupiga jeki. Hushika gurudumu kulia na kushoto na kulitikisa, akitafuta mchezo wa tairodi, halafu hulishika juu na chini, akitafuta mchezo wa bol jointi, yaani kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu, au wa beringi. Bushi zilizopasuka hukaguliwa kwa tochi na pao. Kupanga tou kwenye tairodi iliyolegea ni kupanga namba ambayo haitafika hata kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara.

Wakati wa kupima, dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Soma vizuri jinsi namba zilivyoandikwa, maana digrii 1 ina dakika 60, na mashine nyingine huandika dakika ilhali nyingine huandika desimali. Dakika 30 ni digrii 0.5, si 0.3, na kosa hilo la kusoma linatosha kuharibu kazi nzima. Tairodi zote mbili zirekebishwe usukani ukiwa umefungwa katikati. Ukirekebishwa upande mmoja tu, usukani utakaa upande, na hapo baadhi ya mafundi huuchomoa na kuurudisha ukitazama katikati. Njia hiyo huficha kosa, na katika magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza huweza pia kukipotosha kifaa kinachopima mzunguko wa usukani.

Jaribio la barabarani nalo lina mtego wake. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, na barabara nyingi zimeinamishwa pembeni ili maji yatoke, hivyo gari zima kabisa huweza kuelea kidogo kushoto ukiachia usukani. Jaribu mahali tambarare. Likiendelea kuvuta, badilishana matairi mawili ya mbele, iwapo si yale yaliyotengenezwa kuzunguka uelekeo mmoja tu, na mvuto ukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi. Mtetemo wa usukani kwenye mwendo wa kilomita 80 na kuendelea kwa kawaida ni wa balansi, yaani uzito wa gurudumu usiolingana pande zote, na alaimenti haitauondoa.

Alaimenti hurudiwa baada ya kubadilisha tairodi, mkono wa chini au shokapu za mbele, baada ya kishindo kikubwa cha shimo au ukingo wa barabara, na pale matairi mapya yanapofungwa, ili yasianze maisha yao yakiburuzwa ubavu.