Je, wajua? Spoku hukatika kwa kulegea, si kwa kukazwa

Spoku ya gurudumu la nyuma ikikatika, lawama humwendea fundi: ameikaza mno. Mara nyingi ukweli ni kinyume chake. Spoku ilikuwa imelegea, na kwenye baiskeli za mbio za bei nafuu hali hiyo ni ya kawaida, kwa kuwa magurudumu yake hufungwa haraka kiwandani na hayapitiwi tena na mkono wa fundi.

Gurudumu linapozunguka, kila spoku inayofika chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena inapopanda. Tairi la baiskeli ya mbio la saizi 700x25 lina mzingo wa takriban mita 2.1, kwa hiyo katika kila kilomita spoku moja hulegea na kukaza karibu mara 475. Iliyokazwa vizuri hubaki imevutika muda wote. Iliyolegea hupoteza mvutano wote ikifika chini, kiwiko chake (pale ncha yake ilipopindwa) hucheza ndani ya tundu la habu, yaani kitovu cha gurudumu, na chuma huchoka kama waya unaokunjwa huku na huko. Ndiyo maana hukatikia kwenye kiwiko.

Nyuma hali ni mbaya zaidi. Gia zimechukua nafasi ya kulia, hivyo spoku za kulia husimama wima zaidi na lazima zivutwe kwa nguvu ya kilo 100 hadi 120 ili ringi ikae katikati. Za kushoto huhitaji karibu nusu ya hiyo tu. Kulia kukiwa na kilo 60, kushoto hubaki karibu 30 tu, na nipeli (nati ndogo zinazoshika spoku kwenye ringi) huanza kujifungua zenyewe.

Kabla ya kushika spana ili uzikaze mwenyewe, kagua mambo mawili. Shika ringi uitikise kushoto na kulia: ikigonga, koni za habu (zinazobana gololi zake) zimelegea, na kipimo chochote utakachochukua kitakudanganya. Kisha pitisha kidole pale breki inaposugua. Pakiwa pameliwa hadi pakabonyea, ringi hiyo imekwisha, usiitolee jasho.

Pindua baiskeli, vua tairi na tyubu, funga zipu tai (kamba ya plastiki ya kubana) kwenye fremu na ukate ncha yake ikaribie kugusa ringi, iwe kipimo chako cha kuona ringi inapoegemea. Tia tone la oili kwenye uzi wa kila nipeli. Spana ya spoku lazima iwe ya saizi yake (3.23, 3.3 au 3.45 mm), maana inayopwaya huvuruga kona za nipeli, na baada ya hapo ni kukata spoku tu. Nipeli ukiitazama kutoka upande wa tairi, kukaza ni kuelekea mwendo wa saa. Ukiitazama kutoka upande wa habu, mwelekeo unageuka, na hapo ndipo wanagenzi wengi huharibu gurudumu zima.

Gonga kila spoku kwa kucha usikilize. Linganisha za upande mmoja peke yake. Yenye mlio mzito kuliko wenzake imelegea. Anza na hizo. Kisha, ringi ikiegemea kulia, legeza spoku za kulia za eneo hilo robo mzunguko na ukaze za kushoto robo mzunguko. Kama gurudumu zima ni legevu, kaza tu, usilegeze. Robo ni kama milimita 0.11, lakini inatosha. Anayekaza mzunguko mzima kwa mara moja huhamisha tatizo mahali pengine.

Spoku nyembamba hujisokota pamoja na nipeli, kwa hiyo pitiliza kidogo halafu rudisha. Ukimaliza duru moja, kamata spoku mbili mbili zinazoenda sambamba uzibane kwa nguvu kuzunguka gurudumu lote, kisha pima tena. Hatua hii hurukwa sana, na gurudumu huanza kucheza tena baada ya safari chache. Mchezo usiozidi nusu milimita unatosha kabisa. Kuhakiki katikati, toa gurudumu ulirudishe kinyume: umbali wa ringi na fremu usibadilike. Sehemu isiyonyooka mpaka spoku moja ikaze kama chuma cha daraja huku jirani yake ikining'inia, ringi yenyewe imepinda.

Kwa upande wa kuboresha, fedha ya kwanza iende kwenye tairi laini la 28 mm, kama breki na fremu vinaliruhusu. Ya pili iende kwenye spoku za 2.0/1.8/2.0 mm (nene kwenye ncha, nyembamba katikati) na nipeli za shaba: katikati palipopunguzwa hunyumbuka na kukipunguzia kiwiko mzigo. Gurudumu jipya lije mwisho. Pima kwanza nafasi ya fremu nyuma, 130 mm kwa baiskeli nyingi za breki za ringi, na uangalie kama gia zako ni friwili ya kuzungusha kwenye uzi wa habu au kaseti inayochomekwa kwenye habu, kwa sababu habu zake hazibadilishani. Kaseti ya gia 8 au 9 hukaa kwenye habu ya gia 11 ukiweka washa ya 1.85 mm nyuma yake. Kwa barabara za mashimo au mwendeshaji mzito, chukua spoku 32 nyuma, hata kama zile za 20 zinapendeza machoni.