Kabla ya Kushika Kikokotoo, Uliza Gesi Iko Wapi

Msichana mmoja wa Kidato cha Nne aliniletea karatasi yake ya mazoezi akiwa amenuna. Swali lilikuwa hili: gesi ina ujazo wa cm³ 480 katika nyuzi 27 za selsiasi na shinikizo la mm 620 za zebaki. Itakuwa na ujazo gani katika s.t.p., yaani nyuzi 0 na mm 760? Kanuni aliijua, namba alizipachika bila kukosea mahali, kikokotoo kikampa sifuri. Naye akaandika sifuri na kuipigia mstari chini mara mbili. Gesi yote imetoweka, na hakuna aliyeshtuka!

Kosa lilikuwa selsiasi. Nyuzi 0 za selsiasi ni pale maji yanapoganda, alama tuliyojiwekea sisi wenyewe. Gesi haina habari nayo. Ujazo wa gesi huenda sambamba na halijoto pale tu unapoanza kuhesabu kutoka chini kabisa, nyuzi 273 chini ya hiyo sifuri yetu. Ndiyo maana tunaongeza 273 na kupata kelvini. Ukizidisha kwa sifuri ya selsiasi, jibu ni sifuri, na kikokotoo hakitakuonya.

Hivi ndivyo ningependa kuona swali hilo limeandikwa:

P₁ = 620 mmHg, V₁ = 480 cm³, T₁ = 27 + 273 = 300 K
P₂ = 760 mmHg, T₂ = 0 + 273 = 273 K
V₂ = P₁V₁T₂ ÷ (P₂T₁)
V₂ = (620 × 480 × 273) ÷ (760 × 300)
V₂ = 356.3 cm³

Ni mistari mitano tu. Msahihishaji ana rundo la karatasi mezani na hawezi kukuuliza ulimaanisha nini. Ukikosea kuzidisha mwishoni, mistari ile ya juu ndiyo inayomwonyesha kwamba njia uliijua. Anayeandika jibu tupu ameweka mayai yote kwenye kikapu kimoja: namba ikikosewa, hakuna kingine cha kumpa alama. Na vipimo viandikwe. 356.3 ya nini? Ya ndoo?

Ukimaliza, jiulize kama jibu linaingia akilini. Shinikizo limepanda, halijoto imeshuka, na yote mawili hubana gesi. Basi ni lazima ujazo upungue chini ya 480. Mtu akipata 600 na kitu, ameigeuza sehemu fulani juu chini. Ukaguzi huu ni wa sekunde kumi, lakini naona wachache sana wakiufanya.

Ile mm 620 sikuishangaa, kwa sababu ndiyo hewa ya Nairobi, au karibu yake. Jiji liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ndiyo sababu maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharagwe hayaivi upesi. Jambo hili huwachanganya wanafunzi maabarani. Chukua g 0.2 za kaboneti ya kalsiamu safi uiweke kwenye asidi ya hidrokloriki iliyo tele:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

(Moli ni kipimo cha idadi ya chembe; moli moja ya CaCO₃ ina uzito wa g 100.)
Moli za CaCO₃ = 0.2 ÷ 100 = 0.002
Moli za CO₂ = 0.002 (uwiano ni 1:1)
Ujazo = 0.002 × 24,000 = 48 cm³

Hiyo cm³ 24,000, sawa na dm³ 24, ni ujazo wa moli moja ya gesi katika r.t.p., hali ya kawaida ya chumba, lakini kwa shinikizo la usawa wa bahari. Kwa mm 620 na halijoto ileile, moli moja hujaza karibu dm³ 29.4, kwa hiyo sirinji ya gesi ya hapa Nairobi ingekaribia cm³ 59. Sirinji haijaharibika, na mwanafunzi hajakosea. Kwenye karatasi ya nadharia, fuata hali uliyopewa na swali: r.t.p. ni dm³ 24, s.t.p. ni dm³ 22.4. Kwenye karatasi ya vitendo, andika ulichosoma kwa macho yako. Kurekebisha usomaji ili ufanane na kitabu ni udanganyifu, hata ukifanywa kwa nia njema.

Mstari wa uwiano usiuruke hata kama ni 1:1. Siku uwiano utakapokuwa 2:3, mkono utakuwa umeshazoea kuuandika.

Kuna maswali ambayo moli hazihitajiki kabisa. Mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac alionyesha mwaka 1808 kwamba gesi huungana kwa ujazo wenye uwiano wa namba nzima ndogo, na mwaka 1811 mwanasayansi Mwitaliano Avogadro akaeleza sababu: ujazo sawa wa gesi, katika hali moja, una idadi sawa ya molekuli. Chukua propani, mojawapo ya gesi zilizomo kwenye mtungi wa kupikia. Cm³ 20 za propani zinachomwa ndani ya cm³ 150 za oksijeni, kisha mchanganyiko unaachwa upoe hadi halijoto ya chumba:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Oksijeni iliyotumika ni 20 × 5 = 100 cm³, imebaki 50. Kaboni dioksaidi ni 20 × 3 = 60 cm³. Jumla ya gesi ni cm³ 110. Wengi hujumlisha na 80 za maji, wakasahau lile neno “upoe”: maji yameshakuwa matone kwenye kuta za chombo. Na swali likiendelea kwa kupitisha gesi hiyo kwenye hidroksidi ya sodiamu, ile 60 inafyonzwa na kinachobaki ni cm³ 50 za oksijeni.