Utafiti wa dawa hospitalini: hofu za watu, matumaini yao na ukweli ulivyo

Mgonjwa wa hospitali ya chuo kikuu akiambiwa kwamba kuna utafiti wa dawa anaoweza kujiunga nao, mara nyingi hushikwa na moja kati ya mambo mawili. Ama anaogopa kwamba sasa atafanywa wa majaribio, ama anafurahi kwamba hatimaye amepata dawa mpya ambayo wenzake hawajaifikia. Hofu ndiyo inayozungumzwa sana. Furaha haiguswi, na kwa maoni yangu ndiyo inayopotosha zaidi: mwenye hofu huuliza maswali mpaka aridhike au aondoke zake, mwenye furaha huomba kalamu.

"Wanatugeuza panya wa maabara"

Lisemwalo lipo. Huko Tuskegee, jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende, bila kuwaeleza ukweli wa ugonjwa wao. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, wao waliendelea kunyimwa ili ionekane ugonjwa utawafikisha wapi. Anayeogopa utafiti baada ya kusikia habari kama hizo si mjinga.

Kanuni za leo zimetokana na maovu ya aina hiyo. Tamko la Helsinki la 1964, yaani kanuni za maadili ya utafiti kwa binadamu zilizotolewa na Chama cha Madaktari Duniani, ambalo limerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linasema wazi kwamba maslahi ya mshiriki yanatangulia maslahi ya sayansi. Kabla mgonjwa wa kwanza hajapewa kidonge, mpango mzima wa utafiti hupitiwa na kamati ya maadili, na kamati hiyo haiwi ya madaktari na wanasayansi peke yao. Dawa yenyewe huwa imeshapimwa maabara na kwa wanyama. Awamu ya kwanza huchukua watu wachache, kwa kawaida kati ya 20 na 100, na swali lake ni dogo: mwili unaihimili kwa dozi gani? Awamu ya pili huchukua hadi mamia kadhaa ya wagonjwa. Ya tatu hufika maelfu, na hapo ndipo dawa inapolinganishwa na tiba iliyopo.

Hata hivyo, anayekuambia hakuna hatari yoyote anakudanganya. Machi 2006, jijini London, vijana sita wenye afya njema walipewa dawa iliyoitwa TGN1412 kwa mara ya kwanza kwa binadamu, mmoja baada ya mwingine, dakika chache tu zikipita kati yao. Wote sita waliishia chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vyao vya ndani vikifeli. Hakuna aliyekufa, na tangu hapo dawa mpya kabisa ikianza kupewa watu, hupewa mmoja kwanza, kisha wengine wanasubiri kuona hali yake.

"Dawa mpya lazima iwe bora kuliko ya zamani"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa, madaktari nao wakiwemo.

Kama ingekuwa inajulikana kwamba dawa mpya ni bora, utafiti usingekuwa na sababu, ingetolewa tu. Utafiti unafanyika kwa kuwa hakuna ajuaye. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inakadiria kwamba kati ya dawa zinazoingia awamu ya kwanza, asilimia 70 hivi husonga mbele. Awamu ya pili huvuka asilimia 33 ya zilizoingia humo. Ya tatu, asilimia 25 hadi 30. Nyingi zinaishia njiani, ama kwa kukosa nguvu ama kwa madhara.

Wakati mwingine kinachoanguka ni tiba ambayo kila mtu aliiamini. Kwa miaka mingi ilionekana dhahiri kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, mikono baridi, mapigo dhaifu, apewe dripu ya kasi ili damu izunguke. Watafiti wakaamua kupima jambo hilo katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, katika utafiti ulioitwa FEAST. Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi: wengine walipewa dripu ya kasi, wengine hawakupewa hiyo ya kasi bali huduma nyingine zote zilezile. Ndani ya saa 48, katika makundi ya dripu ya kasi walikufa asilimia 10.5 na 10.6 ya watoto. Katika kundi lisilopewa, asilimia 7.3. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri utafiti usimamishwe kabla ya kufikisha idadi iliyopangwa, na matokeo yakachapishwa 2011. (Watoto wa kuharisha hawakuwemo, kwa hiyo asitokee mtu wa kumnyima mtoto anayeharisha maji kwa sababu ya habari hii.)

Fikiria mzazi aliyeumia moyo siku ile mwanawe alipoangukia kundi lisilo na dripu ya kasi.

Mambo huweza pia kugeuka upande wa pili. Mwaka 2020, utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY ulionyesha kwamba deksamethazoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Haidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa midomoni mwa kila mtu wakati huo, haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa.

"Daktari wangu ataniweka kwenye kundi linalonifaa"

Hataweza, na hatakiwi. Katika tafiti nyingi za aina hii kompyuta ndiyo inayogawa, kwa bahati nasibu. Madaktari wakiachiwa wachague, bila hata kukusudia wataielekeza dawa mpya kwa walio na nguvu zaidi, au kwa walio hoi zaidi, na mwisho hakuna atakayejua kama tofauti imeletwa na dawa au na hali za wagonjwa tangu mwanzo.

Ukifika dirisha la famasia utapewa kichupa chenye namba, hakina jina la dawa. Mara nyingi daktari wako naye hajui kilichomo. Ikitokea dharura, siri hiyo hufunguliwa mara moja ili utibiwe ipasavyo. Lakini kwa siku za kawaida, dozi, ratiba na vipimo vinafuata mpango ulioandikwa, havikatwi na kushonwa kulingana na wewe. Hii ndiyo tofauti kubwa ya utafiti na matibabu: matibabu yanauliza nini kinamfaa huyu, utafiti unauliza nini kinawafaa watu wenye ugonjwa huu. Unaweza kunufaika, na watu hunufaika, ila si hilo lililofanya utafiti upangwe.

"Nitapewa kidonge kitupu niachwe hivyo hivyo"

Plasibo, yaani kidonge kinachofanana na cha dawa lakini hakina dawa ndani, kipo na kinatumika. Ila Tamko la Helsinki linataka tiba mpya ilinganishwe na tiba bora iliyothibitishwa; plasibo peke yake inaruhusiwa pale ambapo tiba kama hiyo haipo, au kwa sababu nzito za kisayansi ambazo hazimweki mgonjwa kwenye hatari ya madhara makubwa. Mara nyingi, kwa mfano kwenye saratani, kila mgonjwa anapata tiba ya kawaida, kisha kundi moja linaongezewa dawa mpya na jingine plasibo. Swali la kuuliza ni fupi: nikiangukia kundi la plasibo, nitakuwa natibiwa na nini?

"Nikishasaini nimefungwa"

Hujafungwa. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na huduma yako ya kawaida haitakiwi kuguswa. Waambie tu kabla ya kuacha vidonge, maana kuna dawa ambazo hazifai kukatishwa ghafla. Taarifa zilizokwisha kukusanywa kwa kawaida hubaki. Na ikiwa anayekuomba ushiriki ni daktari yuleyule unayemtegemea na unaona haya kumkatalia, omba mtu mwingine akueleze. Tamko la Helsinki lenyewe limeliona tatizo hilo.

Fomu ya ridhaa ina kurasa nyingi na inachosha. Asiyeweza kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye na upande, kisha anaweka dole gumba. Kama huna nguvu ya kuisoma yote kwa mara moja, nenda nayo nyumbani, na usikose kuzitazama sehemu mbili. Ya kwanza ni inayoeleza nani atakutibu na kwa gharama ya nani ukidhurika kwa sababu ya utafiti. Ya pili huwa imejificha karibu na mwisho: kisanduku kinachouliza kama unakubali sampuli zako zihifadhiwe kwa tafiti za baadaye. Hicho mara nyingi unaweza kukikataa na bado ukashiriki.

Mengine tuyapite haraka. Kuhusu uvumi kwamba damu inachotwa ili iuzwe: kiasi cha kila safari kimeandikwa kwenye fomu, na mrija mmoja huwa na mililita chache tu, 5 au 10. Kuhusu wanafunzi kujifunzia kwako: hospitali ya chuo kikuu ina wanafunzi, ni kweli, lakini utafiti wa dawa unaongozwa na mtafiti mkuu mwenye sifa, na yeye ndiye anayewajibika. Mwanafunzi anayekuja na dodoso lake kuna uwezekano mkubwa anafanya utafiti wa maswali tu, hauna dawa ndani, na huo pia una fomu yake na unaweza kuukataa. Pesa nazo: kurudishiwa nauli na kufidiwa muda wako ni kawaida. Wewe kutozwa pesa ili upewe dawa ya majaribio si kawaida. Ukiona hivyo, ulizia kwa kamati ya maadili, ambayo namba yake ya simu huandikwa kwenye fomu.

"Dawa ikinisaidia, wataendelea kunipa"

Hili linaumiza watu, kwa kuwa linakuja mwishoni, mgonjwa akiwa tayari anajisikia vizuri. Utafiti una tarehe ya kufungwa. Siku hiyo dawa inaweza kuisha pia, na kuidhinishwa kwake huweza kuchukua miaka, kama itaidhinishwa. Tamko la Helsinki linataka wadhamini na watafiti wapange mapema namna washiriki watakavyoendelea kupata tiba iliyoonekana kuwafaa, na jambo hilo lielezwe wakati wa kuomba ridhaa. Kwa hiyo uliza kabla ya kusaini, si baada: utafiti ukifungwa nami nina nafuu, nitaendelea kupewa dawa hii, na nani, kwa muda gani, na nitaambiwa lini nilikuwa kundi lipi? Jibu likiwa "tutaona", omba wakuonyeshe ukurasa wa fomu unaolieleza jambo hilo.