Serikali ikitaka uliyomwandikia AI, kampuni inaweza kukataa?

Pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kuna mama anauza dagaa kwa magunia. Mteja akichukua mzigo kwa mkopo, mama huandika kwenye simu jina lake, namba yake na kiasi anachodaiwa. Jioni orodha yote anaipa programu ya akili mnemba, hii tunayoiita AI, imjumlishie. Juzi aliniuliza, vidole vyake bado vina magamba: "Mwanangu, haya ninayoiandikia, serikali ikiyataka, wenye kampuni si watayatoa?"

Nilimjibu hivi: kampuni inaweza kukataa kutoa kitu isichokuwa nacho. Ilicho nacho, kukikatalia ni shughuli nzito.

Tuangalie kisa cha Apple. Desemba 2015 watu 14 waliuawa kwa risasi San Bernardino, Marekani, na mmoja wa wauaji aliacha iPhone iliyofungwa kwa namba ya siri. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, ilipoomba nakala za taarifa zilizokuwa kwenye kompyuta za Apple, ilipewa. Februari 2016 mahakama ikaiamuru kampuni iandike programu mpya ya kulegeza kufuli la simu ile. Hapo ndipo ilipogoma. Mkuu wake, Tim Cook, alisema ufunguo huo ukishakuwepo utadaiwa na kwa simu nyingine. Mwezi uliofuata FBI iliifungua simu kwa msaada wa watu wengine, kesi ikaishia hapo. Wengi wanaukumbuka ule mgomo, lakini mimi naona kinachotuhusu zaidi ni yale yaliyotangulia: vilivyokuwa mkononi vilitolewa.

Ndiyo maana muundo wa chombo una uzito kuliko ahadi ya mwenye chombo. Ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya unayemwandikia. Tangu 2016 kampuni iliyo katikati haina ufunguo wa kuusoma. Programu nyingi za AI haziko hivyo. Ili deni la mteja wa Geita lijumlishwe, lazima lifike kwenye kompyuta za kampuni likiwa linasomeka. Likihifadhiwa huko, linaweza kudaiwa.

"Na nikifuta?" Mama hakuniachia nafasi. Nikamweleza kwamba Mei 2025, katika kesi ya hakimiliki iliyofunguliwa na gazeti la The New York Times, mahakama ya New York iliiamuru OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, itunze hata mazungumzo ambayo watumiaji walikuwa wameyafuta. Amri hiyo ilidumu miezi kadhaa. Waliofuta hawakuwa na ugomvi wowote na gazeti hilo.

Sasa, serikali ina nguvu gani juu ya kampuni? Ikiwa wenyewe wako hapa hapa, sheria inawafikia moja kwa moja. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa na kushtakiwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Alibeba mzigo ambao kampuni tajiri kuliko yake huukwepa, na namheshimu kwa hilo. Kampuni ikiwa ng'ambo, serikali inabana njia: inawaamuru wenye mitandao ya simu, ambao leseni zao inazo yenyewe. Ng'ambo ya ziwa, Uganda iliifungia Facebook Januari 2021, baada ya kampuni hiyo kufuta akaunti ilizozihusisha na wizara ya serikali. Sisi wenyewe tulikaa bila intaneti kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025.

Shinikizo jingine huja na pesa. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walisaini barua kupinga kazi ya kuisaidia wizara ya ulinzi ya Marekani kuchambua picha za ndege zisizo na rubani kwa AI. Kampuni ikaacha kuhuisha mkataba na kuandika kanuni: hatutatengeneza AI ya silaha. Februari 2025 ahadi hiyo iliondolewa. Aliyeiandika ndiye aliyeifuta, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumzuia.

Sheria haifutwi kirahisi hivyo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zako zikusanywe kwa kazi inayojulikana, ingawa usalama wa taifa umeachiwa mlango. Wale wadeni wa mama hawakuulizwa kama majina yao yaende ng'ambo, na hilo lilimgusa kuliko habari zote za Marekani.

Nilipopita tena Mwaloni alinionyesha simu. Majina na namba amevirudisha kwenye daftari. Kwenye AI anaandika "wa Geita", "wa Ukerewe", "yule wa magunia mawili". Hesabu inatoka ile ile.