Spika tano ukutani bado si sarundi: dhana potofu kuhusu albamu za progresivu roki zilizomiksiwa upya

Korosho zikilipa, sebule nyingi za Mtwara na Lindi hupata televisheni mpya na sabufa mpya. Mara nyingi sabufa hiyo ni ile ya spika tano ndogo na boksi moja la besi, na fundi huja kuzipigilia spika kwenye pembe za juu za ukuta, karibu na dari. Mwenye nyumba anaunganisha simu kwa Bluetooth, anaweka wimbo, sauti inatoka kila upande, naye anaamini kwamba sasa ana sarundi, yaani sauti ya kumzunguka msikilizaji (surround). Mimi ni mpenzi wa progresivu roki, roki ya nyimbo zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na jambo hili linaniuma, kwa sababu mashine inayoweza kumfungulia mtu albamu kama Close to the Edge ya Yes au The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd imeshalipiwa na iko ndani, ila haijawahi kufanya kazi hiyo hata siku moja.

Tunaoupenda muziki huu huku kusini si wengi. Tunaazimana diski, tunaalikana kusikiliza, na tunabishana sana. Mengi ya mabishano yetu yanatokana na mambo yanayosemwa kwa uhakika mkubwa na wala si kweli.

"Spika zote tano zinalia, basi hiyo ni sarundi"

Hili ndilo linalowapotosha watu wengi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Simu ikiunganishwa na sabufa kwa Bluetooth au kwa waya wa AUX inatoa chaneli mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Sabufa inazichukua hizo mbili na kuzirudufu kwenye spika zote. Unasikia sauti nyuma, ndiyo, lakini ni ileile ya mbele. Nyimbo za MP3 za kwenye flashi nazo ni hivyohivyo. Sarundi ya 5.1 ni chaneli sita zinazojitegemea: kushoto mbele, katikati, kulia mbele, mbili za pembeni kwa nyuma, na moja ya besi za chini kabisa. Kila chaneli ina kilicho chake.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Weka sikio kwenye spika mojawapo ya nyuma. Ukimsikia mwimbaji, ngoma, gitaa na kinanda vyote kwa pamoja kama vinavyosikika mbele, unasikiliza nakala. Kwenye rimiksi ya kweli, yaani albamu iliyomiksiwa upya kwa ajili ya 5.1, spika ya nyuma inaweza kuwa na kinanda peke yake, au waitikiaji, au mwangwi wa chumba cha studio tu, na kuna dakika inakaa kimya kabisa. Kimya hicho huwatia watu wasiwasi, wakadhani spika imeungua.

Sasa geuza sabufa utazame mgongoni. Sabufa nyingi za aina hii zina matundu mawili yaliyoandikwa AUX na mengine sita yaliyoandikwa DVD, kwa herufi FL, FR, SL, SR, CEN na SW. Deki nyingi za DVD, hasa za miaka ya nyuma, nazo zina matundu sita ya namna hiyohiyo. Fundi mmoja hapa mjini Mtwara aliwahi kuniambia, "Kaka, hayo sita hayana kazi, siku hizi ni Bluetooth tu." Yana kazi, na ndiyo mlango wenyewe wa sarundi. Tatizo ni kwamba deki huja na waya mmoja wenye vichwa vyekundu na vyeupe, na watu huunganisha huohuo wakaishia hapo. Ongeza waya mbili za aina hiyo, chomeka kila kichwa kwenye tundu lenye herufi zake, kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya deki uiondoe kwenye stereo uiweke kwenye 5.1. Huku pwani hewa ya chumvi hula vichwa vya waya haraka, kwa hiyo spika moja ikinyamaza moja kwa moja, chomoa kichwa chake ukisugue kabla hujalaumu sabufa.

Diski nayo ina masharti yake. The Dark Side of the Moon ilitolewa kwa 5.1 mwaka 2003 kwenye SACD, aina ya diski yenye ubora kuliko CD, kwa miksi ya fundi mitambo James Guthrie. Diski hiyo ina tabaka mbili. Ukiiweka kwenye deki ya kawaida italia vizuri tu, lakini inasomwa tabaka ya CD, ambayo ni stereo. Mtu anaweza kukaa nayo miaka akidhani ameisikia sarundi. Kinyume chake, In the Court of the Crimson King ya King Crimson ilipotolewa upya mwaka 2009, DVD yake iliwekewa pia njia ya DTS, yaani sauti ya 5.1 iliyobanwa, ambayo deki ya DVD yenye uwezo wa kusoma DTS inaisoma. Kwa anayeanza na sabufa na deki, diski za namna hii ndizo za kutafuta. Blu-ray ina ubora zaidi, lakini kwa kawaida inataka HDMI na amplifaya yenye uwezo huo. Waya mwembamba wa mwanga (optical), ambao wengine huutumia badala ya HDMI, hauwezi kupitisha chaneli sita ambazo hazijabanwa.

Bado ziko zile spika za karibu na dari. Vipimo vya kimataifa vya kupanga 5.1 vinataka spika za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande ukitazama katikati, na za nyuma ziwe kati ya nyuzi 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya masikio, wala si kisogoni kabisa. Zote ziwe karibu na usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, na zilingane umbali. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo spika iliyo karibu zaidi inakufikia mapema na kuvutia muziki wote upande wake. Amplifaya za bei kubwa hurekebisha tofauti hiyo zenyewe. Sabufa nyingi haziwezi, kwa hiyo chukua kamba, ifunge kwenye kiti unachokalia, uizungushe kutoka spika hadi spika. Kochi lililoegemezwa ukutani lisogeze mbele kwanza, maana ukikaa umegusa ukuta hakuna nyuma ya kusikia.

"Sarundi ni ya filamu, muziki unatakiwa kutoka mbele"

Anayesema hivi ameshasimama ndani ya duara la sindimba, ngoma huku, waimbaji kule, vigelegele mgongoni, na hakuona ajabu. Muziki kutoka mbele tu ni desturi ya jukwaa na ya spika mbili.

Wanamuziki wa progresivu hasa walikuwa na wazo la kuuzungusha muziki tangu mwanzo. Tarehe 12 Mei 1967, kwenye ukumbi wa Queen Elizabeth Hall jijini London, Pink Floyd walitumia kifaa kilichotengenezwa na fundi Bernard Speight, chenye vishikio vya kusukuma sauti kwenda spika zilizowekwa kuuzunguka ukumbi. Zile saa zinazolia kwa pamoja mwanzoni mwa wimbo Time wa The Dark Side of the Moon, fundi mitambo Alan Parsons alikwenda kuzirekodi kwa ajili ya kuonyesha uwezo wa chaneli nne, kabla hazijaingia kwenye albamu. Parsons huyohuyo aliifanyia The Dark Side of the Moon miksi ya chaneli nne mwaka uleule wa 1973.

Teknolojia hiyo ya chaneli nne ilikufa kabla muongo wa 1970 haujaisha. Kampuni zilileta mifumo isiyosomana, SQ, QS na CD-4, kila mmoja ukidai kifaa chake, na wanunuzi wakachoka. Kosa halikuwa la muziki.

"Wamechukua CD wakaitawanya kwenye spika"

Hapana, na hapa ndipo penye kazi ninayoiheshimu kuliko yote. Rimiksi inaanzia kwenye tepu za studio zenyewe, ambazo kila chombo au kundi la vyombo lina traki yake, yaani njia yake peke yake kwenye tepu. Kusafisha tu miksi iliyokwishafungwa ni kazi nyingine.

Tuitazame albamu hiyohiyo ya kwanza ya King Crimson. Ilirekodiwa mwaka 1969 kwenye studio ya Wessex jijini London, kwa mashine ya traki nane. Traki nane ni chache mno kwa muziki uliopangwa tabaka juu ya tabaka, Mellotron (vinanda vinavyopiga sauti zilizorekodiwa kwenye tepu) za Ian McDonald zikilaliana kama zilivyo. Zilipojaa, mafundi mitambo walizimiksi kwanza zilizokuwapo, wakazihamishia kwenye tepu nyingine kwa traki chache, wakapata nafasi ya kuongeza vyombo. Kila uhamisho uliongeza mvumo na kupunguza uangavu, na vyombo vilivyounganishwa havikuweza kutenganishwa tena. Steven Wilson, mwanamuziki na fundi wa rimiksi, akishirikiana na Robert Fripp, mpiga gitaa wa King Crimson, alirudi kwenye tepu za kabla ya kuhamishwa, akazipanga zote kwenye kompyuta ziende sambamba. Ndiyo maana rimiksi ile ina vyombo vilivyo safi kuliko toleo la 1969 lenyewe, na ndiyo maana vinaweza kuwekwa kimoja kimoja mahali pake chumbani.

Tepu zenyewe nazo zina maradhi. Gundi ya tepu nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hufyonza unyevu wa hewa, tepu ikawa inanata na kuacha utando kwenye mashine. Dawa yake ni kuipasha joto la kadiri ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa nyingi, kisha kuinakili upesi kabla hali haijarudi.

Na tepu zikipotea, zimepotea. Gentle Giant, bendi nyingine ya progresivu, walitoa Three Piece Suite mwaka 2017 kutoka kwenye albamu zao tatu za kwanza, ikiwa na zile nyimbo tu ambazo tepu zake za traki nyingi zilipatikana. Nikiliwaza hilo huwa nafikiria rekodi zetu za zamani za Radio Tanzania, ambazo nyingi zilinaswa bendi nzima kwa pamoja. Kule hakuna traki za kutenganisha tangu awali. Kompyuta zimeanza kujaribu kuchambua vyombo ndani ya rekodi za namna hiyo. Toleo la 2022 la Revolver ya The Beatles lilitengenezwa kwa njia hiyo. Natamani siku moja kazi hiyo ifike kwenye dansi la Tanzania.

"Rimiksi inaifuta kazi ya asili"

Hofu hii naielewa. Mtu aliyeishi na Aqualung ya Jethro Tull tangu ujana hataki kuguswa. Lakini matoleo haya kwa kawaida huja pamoja na miksi ya zamani kwenye diski zilezile, na Wilson, ambaye pia ameshughulikia Aqualung, Thick as a Brick na Close to the Edge, hufanya kazi huku akirudi mara kwa mara kuilinganisha na ya asili. Haongezi gitaa jipya. Anachokuwa nacho ni nafasi.

Hata hivyo rimiksi mbili za albamu moja si lazima zifanane. Kasha la Immersion la The Dark Side of the Moon, la mwaka 2011, lina ile ya Parsons ya 1973 na ile ya Guthrie ya 2003. Kwangu ya Guthrie ndiyo inayosikilizika mwanzo hadi mwisho, ingawa ya Parsons ina uthubutu zaidi. Wenzangu wawili wa Lindi wanapinga vikali, nao wana hoja.

"Sabufa ndiyo sarundi, ikitikisa mabati imekubali"

Chaneli ile ya sita, ya .1, hubeba sauti za chini ya takriban hezi 120, na kwenye muziki hutumiwa kwa kiasi. Gitaa la besi la Chris Squire wa Yes lina ukali mwingi wa juu, na ladha yake yote iko kwenye spika za kawaida. Ukifungulia besi mpaka madirisha yanalia, umelizima. Punguza besi, tandika mkeka au zulia kwenye sakafu ya saruji, funga mapazia mazito, na sauti itatulia kwa kiasi cha kushangaza.

"Hedifoni zenye Atmos ni kitu kilekile"

Atmos ni mfumo wa Dolby wa sauti ya kuzunguka. Ni kitu kizuri, si kilekile. Hedifoni ina spika mbili, na kompyuta hukokotoa jinsi kichwa na masikio yanavyobadilisha sauti inayotoka kila upande. Hesabu hizo hutegemea umbo la sikio la wastani, kwa hiyo wengine husikia duara zima na wengine husikia kila kitu katikati ya fuvu. Umeme ukikatika jioni, hedifoni na simu vinatosha kabisa kuendelea na albamu.

Ukishaunganisha vichwa vyote sita, na ukiwa na deki inayosoma diski yake, anza na Knots ya Gentle Giant kutoka Octopus, albamu ya 1972 ambayo Wilson aliimiksi kwa 5.1 mwaka 2015. Waimbaji wanapokezana neno kwa neno, na kwenye stereo wanasongamana. Kwenye spika tano unaweza kumfuata mmoja, ukamwacha, ukamshika mwingine upande wa pili wa chumba. Na kabla ya kubonyeza kitufe, fungua menyu ya diski uchague 5.1 kwa mkono wako, kwa sababu diski nyingi zikiachwa zenyewe huanza na stereo.